Seli shina za mifugo kwa fedha za umma: mwongozo kamili, kutoka swali hadi benki ya seli

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanzisha mradi wa seli shina (seli zinazoweza kuendelea kugawanyika na kugeuka kuwa seli za aina nyingine) za ng'ombe, nguruwe, kondoo, mbuzi au kuku, huku fedha anazozitegemea zikitoka serikalini au katika mfuko wa umma. Huenda wewe ni mwanafunzi wa uzamivu, daktari wa mifugo uliyehamia maabara, au mkuu wa idara uliyetupiwa jukumu la kuandika andiko la ruzuku. Sitakupa vipimo vya kila kemikali; hivyo utavipata kwenye taratibu za maabara. Nitakachokupa ni mpangilio wa maamuzi, kwa sababu miradi ya aina hii huharibikia kwenye karatasi, muda mrefu kabla sahani ya kwanza haijaingia kwenye inkubeta.

Niseme mapema ninapoegemea. Fedha za umma zikishatumika, lazima kibaki kitu ambacho mtu asiyekujua anaweza kukichukua akaendelea nacho. Katika fani hii kitu hicho ni seli zilizogandishwa vizuri, zenye historia iliyoandikwa, ambazo zikiyeyushwa katika maabara ya mwingine zinaishi na kugawanyika. Makala iliyochapishwa bila seli hizo ni nusu ya kazi. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inaielekea benki ya seli, hata pale ambapo haitajwi.

Hatua ya 1: Anza na tatizo la mnyama

"Tunataka kutengeneza seli shina za mbuzi" ni shughuli, si swali. Jiulize ni tatizo gani la mnyama au la ufugaji ambalo haliwezi kujibiwa bila seli hizo. Mifano ipo mingi. Koo za kuku, yaani aina zake za asili, zinatoweka, na yai la kuku haligandishiki likabaki na uhai kwa sababu ya ukubwa wa kiini chake, hivyo ni lazima kuhifadhi kitu kingine badala ya yai. Virusi vya utumbo wa nguruwe vinaweza kuchunguzwa kwenye vijiutumbo vilivyooteshwa kutokana na seli shina, bila kuambukiza nguruwe hai. Farasi aliyechanika kano hupona na kovu, na kovu hilo huchanika tena. Kila moja ya hizi inataka seli tofauti, na ndiyo sababu swali hutangulia.

Dolly, kondoo aliyezaliwa Roslin huko Scotland tarehe 5 Julai 1996, hukumbukwa kama habari ya kloni. Lakini Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walikuwa na swali la mifugo: jeni za kondoo zibadilishwe vipi kwa usahihi? Kwa panya jambo hilo lilikwisha kuwezekana kupitia seli shina za kiinitete, zilizopatikana tangu 1981. Kwa kondoo seli hizo hazikupatikana. Wakazunguka kwa njia ya kuhamisha kiini cha seli ya kawaida kwenda kwenye yai. Mayai 277 yaliyounganishwa na seli za kiwele yalitoa viinitete 29 vya kupandikiza, na mwanakondoo mmoja. Swali lao lilikuwa imara kiasi kwamba mlango mmoja ulipofungwa walijua wanatafuta mlango wa kwenda wapi.

Hatua ya 2: Chagua seli ambayo mnyama wako anaikubali

Usiharakishe hapa. Makosa ya hatua hii hayarekebishiki kwa kuongezewa fedha.

Seli shina za kiinitete ndizo zenye uwezo mpana zaidi, kwa maana zinaweza kugeuka kuwa tishu yoyote ya mwili. Kwa miongo mitatu hivi watafiti walijaribu kuzipata kwa ng'ombe na nguruwe kwa kufuata mapishi ya panya, na seli zikawa zinachoka na kubadilika baada ya muda mfupi. Tofauti iko kwenye kiinitete chenyewe. Cha panya hujishikiza kwenye mji wa mimba ndani ya siku 4 au 5. Cha ng'ombe huendelea kuelea, kikirefuka kama uzi, hadi karibu wiki ya 3. Seli zake za ndani hupitia safari nyingine na husikiliza ishara nyingine. Mwaka 2018 kundi la Pablo Ross katika Chuo Kikuu cha California, Davis, lilionyesha seli shina za kiinitete za ng'ombe zilizotulia, kwa kutumia FGF2, protini ya kuchochea ukuaji, pamoja na kizuizi cha Wnt, ishara ambazo seli hupeana. Ukoo mpya wa seli, yaani seli zinazoendelea kuoteshwa kutoka chanzo kimoja, ulipatikana katika wiki 3 hadi 4. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba nguruwe, kondoo na ng'ombe wanaweza kuoteshwa kwa masharti yanayofanana: activin A (protini nyingine ya ishara), FGF2 na kizuizi cha Wnt. Kwa hiyo ukikuta andiko la leo linaanza na LIF (protini ya mapishi ya panya) na seramu (majimaji ya damu) peke yake kwa ng'ombe, mwandishi wake hajasoma.

Njia ya pili ni seli za kawaida zilizorudishwa utotoni, aliyoionyesha Shinya Yamanaka kwa panya mwaka 2006 na iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Za nguruwe zilifuata mwaka 2009. Faida yake ni kwamba huhitaji kiinitete. Kipande cha ngozi ya sikio kinatosha. Kasoro yake, na kwa mifugo ni kasoro sugu, ni kwamba jeni ulizoingiza mara nyingi hazizimiki. Seli inaonekana nzuri kwenye hadubini kumbe inaishi kwa kuegemea mkongojo ulioipa. Ukichagua njia hii, weka kwenye andiko lako kipimo cha kuthibitisha kwamba jeni za nje zimezimika na za mnyama mwenyewe zimewaka. Mhakiki mzuri atalitafuta jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Seli shina za manii ni hadithi tofauti. Hizi hukaa ndani ya korodani na kazi yake ni moja, kuzalisha manii maisha yote. Ralph Brinster wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alionyesha mwaka 1994 kwamba zinaweza kuhamishwa kutoka panya mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Jon Oatley wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington likatumia madume ambao jeni yao ya NANOS2 ilikuwa imezimwa. Wanyama hao hukua wakiwa wazima lakini bila manii yao wenyewe. Walipopandikizwa seli za dume mwingine, panya, nguruwe na mbuzi wakatoa manii ya mtoaji. Kwa ufugaji maana yake ni kubwa: dume mvumilivu wa mazingira magumu anaweza kubeba mbegu za dume bora na kupanda kwa njia ya kawaida, pale ambapo uhimilishaji haufiki. Ugumu ni kuziotesha seli hizi kwa wingi nje ya mwili. Kwa panya imewezekana. Kwa mifugo mikubwa bado ni kazi, na kazi hiyo yenyewe inastahili ruzuku.

Kuku anastahili aya yake. Kiinitete chake kikiwa na siku mbili na nusu ndani ya inkubeta, seli tangulizi za uzazi husafiri kwenye damu kuelekea mahali tezi za uzazi zitakapojengeka. Unatoboa ganda, unaingiza sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele kwenye mshipa, unavuta tone la damu ambalo jicho halilioni vizuri, na ndani yake mna seli hizo, kubwa na zenye chembechembe za mafuta, zikijitofautisha na seli nyekundu zilizozizunguka. Tangu 2006 zinaoteshwa kwa wingi, zinagandishwa, na zinarudishwa kwenye kiinitete kingine kwa njia ileile ya mshipa. Taasisi ya Roslin na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, zimetumia mbinu hii kuhifadhi koo za kuku za nchi za joto. Kama fedha ni chache na unataka kazi yenye matokeo yanayoshikika, ushauri wangu ni uanze na kuku.

Mwisho ni seli shina za uboho na mafuta, na zile za misuli alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961. Hizi hupatikana kirahisi, na urahisi huo ndio mtego. Kila mtu huzitoa, wachache huonyesha kwamba ni seli shina kweli. Zina nafasi yake halali: za uboho kwa kano za farasi, za misuli kwa nyama ya kuotesha, ile iliyoonjwa London mwaka 2013 kutoka maabara ya Mark Post wa Maastricht. Inafaa kukumbuka kwamba kabla ya fedha binafsi kumiminika kwenye nyama hiyo, serikali ya Uholanzi ilikuwa imekwisha kufadhili utafiti wa msingi katika vyuo vyake.

Hatua ya 3: Hesabu mimba kabla ya kuhesabu fedha

Ruzuku nyingi huwa za miaka 3 hadi 5. Ng'ombe hajui hilo. Mimba yake ni siku 283 hivi, ya kondoo karibu siku 150, ya nguruwe 114. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21.

Chukua mfano wa fahali mpokeaji wa seli za manii. Mwaka wa kwanza unaisha ukijenga ukoo wa seli na kupata vibali. Ndama mpokeaji lazima azaliwe, na hiyo ni miezi 9. Apevuke, karibu mwaka mwingine. Apande, kisha usubiri tena miezi 9 uone ndama ni wa nani. Hapo umepita miaka 3 bila kosa hata moja, na makosa yatakuwepo. Kwa kuku, mpokeaji huanguliwa ndani ya wiki 3, hupevuka katika miezi 5 au 6, na vifaranga wake wanapimwa wiki 3 baadaye. Mzunguko mzima unaingia ndani ya mwaka.

Kwa ng'ombe, basi, usiahidi ndama kwenye ruzuku ya miaka 3. Ahidi seli zilizothibitishwa, viinitete, na mpango wa awamu ya pili. Wahakiki wanaojua mifugo watakuheshimu kwa hilo, na wasiojua hawatagundua.

Hatua ya 4: Tafuta mfadhili anayelingana na swali

Nchini Marekani mlango mkuu wa kilimo ni AFRI, mpango wa ruzuku ulio chini ya NIFA, taasisi ya chakula na kilimo katika wizara ya kilimo, ulioanzishwa kwa sheria ya kilimo ya 2008. Uingereza wana BBSRC, baraza la utafiti wa baiolojia lililoundwa 1994. Umoja wa Ulaya wana Horizon Europe, mpango wa utafiti wa 2021 hadi 2027. Kwa magonjwa ya mifugo ya nchi za joto, mshirika wa utafiti wa kumtafuta ni ILRI, iliyozaliwa 1994 kwa kuunganisha taasisi mbili, moja ya Nairobi na nyingine ya Addis Ababa. Mifuko ya afya ya binadamu nayo huingia pale mnyama anapokuwa kielelezo cha ugonjwa wa watu. Nguruwe na kondoo hupitia mlango huo mara nyingi. Fedha za nyama ya kuotesha zipo pia: mwaka 2021 wizara ya kilimo ya Marekani ilikipa Chuo Kikuu cha Tufts dola milioni 10 kwa miaka 5.

Kabla ya kuandika neno moja, fungua hifadhidata za ruzuku zilizokwisha kutolewa. CORDIS ni ya Ulaya, Gateway to Research ni ya Uingereza, NIH RePORTER ni ya utafiti wa afya Marekani. Zote ziko wazi kwa yeyote. Tafuta mnyama wako na aina ya seli, soma mihtasari, angalia nani alipata, alipata kiasi gani, na je, aliacha seli zinazopatikana? Mara nyingi utagundua kwamba seli unazotaka kuzitengeneza upya zimo kwenye tangi la mtu, na barua moja ingekuokolea mwaka.

Kwenye bajeti, watu hukumbuka mashine na kusahau vitu vinavyokula fedha polepole: nitrojeni ya kimiminika kila wiki, umeme wa akiba, chakula cha wanyama hadi siku ya mwisho, mshahara wa mhudumu wa banda, ada ya daktari wa mifugo. Viweke kama vifungu vinavyojitegemea. Vikifichwa ndani ya "gharama nyinginezo" ndivyo vya kwanza kukatwa.

Hatua ya 5: Vibali, mapema

Watu huchanganya sheria za kiinitete cha binadamu na za mifugo. Vizuizi vya ufadhili vya Marekani vilivyopigiwa kelele, kile cha mwaka 1996 kuhusu kuharibu viinitete na kile cha Agosti 2001 kilichoondolewa Machi 2009, vilihusu binadamu. Kiinitete cha ng'ombe hakikuguswa. Mpaka unavukwa pale unapochanganya: ukiweka seli za binadamu ndani ya kiinitete cha nguruwe umeingia eneo jingine, na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ilisimamisha ufadhili wa baadhi ya kazi hizo Septemba 2015. Kama mradi wako hauna haja ya jambo hilo, andika waziwazi kwamba haulifanyi.

Kamati ya maadili ya wanyama itakuuliza mambo matatu yaliyowekwa na wanasayansi Russell na Burch mwaka 1959: je, unaweza kutumia kisicho mnyama, unaweza kutumia wachache zaidi, unaweza kuwapunguzia maumivu? Seli shina zina jibu zuri kwa la kwanza, lakini litoe kwa hesabu, siyo kwa sifa. Ukiwa na koo za asili, hakikisha makubaliano ya kugawana manufaa yamesainiwa kabla ya sampuli kutoka. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa unaohusu jambo hilo, inatumika tangu Oktoba 2014. Mwombe pia mfugaji ridhaa ya maandishi, hata kama unachukua nywele tu. Na kama umehariri jeni, mnyama huyo na maziwa yake haviingii sokoni bila idhini ya mamlaka husika. Weka kwenye bajeti gharama ya kumteketeza.

Hatua ya 6: Kutoka machinjioni hadi kwenye sahani

Chanzo kizuri cha mayai ya ng'ombe ni machinjio, na hakimuui mnyama yeyote wa ziada. Ovari husafirishwa ndani ya chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya vuguvugu. Kwenye ngozi ya ovari utaona malengelenge angavu. Yanayofaa ni ya milimita 2 hadi 8. Unayanyonya kwa sindano, unamimina kwenye sahani, na chini ya hadubini unatafuta yai lililovikwa tabaka kadhaa za seli zilizobana vizuri. Yai lililo uchi liache. Hukomaa kwa saa 22 hadi 24 katika nyuzi 38.5, siyo 37 za binadamu. Hilo ni kosa la inkubeta ya kuazima. Kisha hurutubishwa, na siku ya 7 au ya 8 kiinitete kilichojaa maji kiko tayari kutolewa seli. Nguruwe ni msumbufu zaidi, kwani yai lake hukubali manii zaidi ya moja kwa urahisi, na kiinitete cha namna hiyo hakina faida.

Maadui wawili wa maabara hii wanafahamika. Wa kwanza ni maikoplazma, aina ya bakteria wadogo: haina ukuta wa seli, hivyo penisilini haiigusi, na haiufanyi mchuzi wa kuoteshea seli uonekane mchafu. Pima kila ukoo unaoingia, kisha kila mwezi. Wa pili ni virusi vya kuharisha vya ng'ombe, BVDV, ambavyo huja ndani ya seramu ya ndama aliye tumboni. Kwa anayeotesha seli za binadamu ni kero tu. Kwa anayeotesha seli za ng'ombe anazokusudia kuzirudisha kwa ng'ombe ni maafa. Nunua seramu iliyopimwa, nawe upime tena seli zenyewe, na uandike namba ya kila toleo.

Hatua ya 7: Thibitisha kama mtu anayetaka kukukanusha

Anza na hesabu ya kromosomu: ng'ombe na mbuzi 60, kondoo 54, nguruwe 38, kuku 78. Ukoo ulioishi miezi mingi ukiwa na idadi isiyo sahihi haukutulia, umeharibika.

Kisha protini zinazotambulisha seli shina zenye uwezo mpana, kama OCT4, SOX2 na NANOG. Hapa kuna taabu isiyosemwa vya kutosha: kingamwili nyingi zinazouzwa zilitengenezwa kwa binadamu au panya, na nyingine hazitambui protini ya mbuzi kabisa, au zinatambua kitu kingine. Kila kingamwili uijaribu kwanza kwenye tishu ya mnyama huyohuyo ambayo ina protini hiyo kwa hakika, na nyingine isiyo nayo. Bila picha hizo mbili, usiniambie seli zako zina NANOG.

Kisha uwezo wa kugeuka kuwa tishu za tabaka zote tatu za kiinitete, ambazo hujenga mwili mzima. Kwa seli za uzazi kipimo cha kweli ni mtoto aliyezaliwa akiwa na jeni za mtoaji.

Na takwimu: sahani tatu za ng'ombe mmoja ni ng'ombe mmoja. Idadi inayohesabiwa ni ya wanyama waliotoa seli. Andiko linalosema n = 9 (yaani wanyama tisa) kumbe ni fahali watatu mara tatu linarudishwa, na ni haki lirudishwe.

Hatua ya 8: Jenga benki, kisha mpe mtu mwingine funguo

Gandisha mapema, seli zikiwa changa na hazijapitia mizunguko mingi ya kugawanywa. Tengeneza akiba mbili: ya msingi, isiyoguswa, na ya kazi, inayotolewa humo. Dimethili sulfoksidi, kemikali inayokinga seli dhidi ya barafu, asilimia 10, joto lishuke takribani nyuzi 1 kwa dakika, kisha nitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Wiki moja baadaye yeyusha kichupa kimoja. Kama seli hazishiki sahani, huna benki, una vichupa.

Kwenye kila kichupa kuwe na namba, na namba ifungue faili lenye mnyama, jinsi, umri, mahali tishu ilipotoka, mizunguko, matokeo ya kromosomu, ya maikoplazma na ya BVDV, na masharti ya ridhaa. Nusu ya akiba ya msingi ikae jengo jingine, kwenye tangi linalojazwa na mtu mwingine.

Kabla ya kupeleka makala, tuma vichupa viwili vitatu kwa maabara isiyo na uhusiano na yako, pamoja na utaratibu wako wa kuyeyusha, na usiwapigie simu kuwaelekeza. Wakishindwa, tatizo liko kwenye utaratibu ulioandika. Urekebishe, utume tena. Wakifaulu, weka jina lao kwenye makala, sajili ukoo huo katika hifadhi ya umma, na uandae mkataba wa kukabidhi seli ambao hauzidi kurasa mbili, wenye jina la ofisi itakayoendelea kujibu maombi baada ya ruzuku kuisha na wewe kuhamia kwingine.